Gunia la Mahindi na Mapatano ya Mipakani

Yako maneno mawili yanayosemwa sana katika wilaya zetu za Ruvuma kila mwaka mahindi yanapojaa hata yakakosa mahali pa kuwekwa. La kwanza husemwa na watu wa mijini, na baadhi ya wenye vyeo, kwamba chakula cha nchi na kikae katika nchi, mipaka ifungwe, tusije tukauza leo tukalia njaa kesho. La pili husemwa na wakulima wenyewe waliokwisha kuumia, kwamba hayo mapatano ya biashara baina ya mataifa, ambayo huyasikia redioni yakitiwa sahihi kwa kupeana mikono na kupigwa picha, ni mambo ya wakubwa, hayamfikii mtu wa Namtumbo wala wa Madaba. Mimi nayapinga yote mawili. Mwenye kusema la kwanza hajahesabu gharama ya kufunga mlango. Mwenye kusema la pili hajatambua ya kuwa shida yake haikuletwa na mapatano, bali imeletwa na kuvunjwa kwa mapatano.

Yafaa kwanza tujue mapatano haya ni kitu gani, maana wengi hubishana juu ya jambo wasilolijua. Nchi mbili au zaidi hukubaliana kutotozana ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa kwao. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Wakitaka kuendelea zaidi, hukubaliana pia kuwatoza watu wa nje ushuru wa namna moja, ili mgeni asitafute mlango ulio mwepesi akaingilia huko. Huo huitwa umoja wa forodha. Nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Umoja wake wa forodha ulianza tarehe 1 Januari 2005, na soko la pamoja tarehe 1 Julai 2010. Leo nchi zilizomo ni nane, ya mwisho kuingia ikiwa Somalia mwaka 2024. Tena tumo katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, iitwayo SADC, iliyozaliwa Lusaka mwaka 1980 kwa jina jingine, ikafanywa upya Windhoek mwaka 1992, na ikafungua eneo lake la biashara huru mwaka 2008.

Hapo ndipo msomaji wa Songea yampasa kutazama ramani vizuri. Tunapozungumza habari za mipaka, wengi hufikiri Namanga na Kenya. Lakini Namanga iko mbali nasi zaidi ya kilometa elfu moja. Majirani zetu wa karibu ni Malawi, ng'ambo ya ziwa la Nyasa tukisimama Mbamba Bay, na Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma tukishuka kwa njia ya Mkenda. Nao wote wawili si wa Afrika Mashariki kwa mapatano. Ni wa SADC. Basi mkulima wetu anakaa kati ya milango miwili. Mmoja ni mkubwa na uko mbali, wa pili ni mdogo na uko karibu, na kila mmoja una sheria zake na bawabu wake.

Je, mapatano hayo yana faida yo yote kwa mtu mwenye magunia thelathini? Yanayo, nayo si ndogo. Katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, mahindi ni katika bidhaa zinazolindwa sana. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya yamewekewa ushuru wa asilimia 50, lakini yaliyolimwa kwetu huingia Kenya bila ushuru, isipokuwa pale Kenya inapopata ruhusa ya kuondoa ushuru ule kwa muda kwa sababu ya njaa. Maana yake ni kwamba mkulima wa nchi kubwa za ng'ambo, mwenye mashine za kuvuna zipitazo nyumba kwa ukubwa, amewekewa ukuta, nasi tumepewa mlango. Mwenye lori anayenunua mahindi yetu Songea au Mbinga na kuyapeleka kaskazini anajua habari hiyo, hata kama muuzaji haijui, na bei anayotoa ina sehemu ndani yake iliyotokana na mlango ule.

Wala tusisahau jinsi nchi yetu hii ilivyokuwa ilipokosa soko. Wazee wetu wanakumbuka habari za manamba. Watu wa Songea walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na Korogwe, si kwa sababu udongo wao ulikuwa mbaya, maana udongo ni ule ule unaotoa mahindi leo, bali kwa sababu hapakuwa na njia ya kuyapeleka mazao mahali yanaponunuliwa, na kodi ilitakiwa kwa fedha. Nchi isiyoweza kuuza mazao yake ilipeleka vijana wake. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali iliponunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na barabara ya lami ilipotufikia kutoka Makambako, Ruvuma ikawa mojawapo ya mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Soko lilipokuja, mahindi yalikuja. Halikuhitajika hubiri.

Lakini sitaki kuwa kama mtu auzaye ng'ombe akaficha kilema chake. Mapatano yana hasara, na Afrika Mashariki inazijua kuliko watu wengi, maana tumekwisha kuyajaribu mara moja yakatushinda. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa humo katika miaka ya 1920. Kukawa na soko moja, reli na posta zikaendeshwa pamoja, na yote yalionekana mema kwenye karatasi. Kumbe viwanda vilipenda kukaa mahali palipokwisha kuwa na viwanda. Nairobi ilikuwa na benki, umeme, reli na walowezi wenye mitaji. Basi mwenye kutaka kutengeneza sabuni au viatu alijenga huko, akauza Tanganyika bila ushuru. Sisi tulinunua kwa bei kubwa kuliko ile ambayo tungelipa kwa bidhaa ya ng'ambo, na ushuru ambao Serikali ingeupata haukupatikana, na kazi za viwandani zikabaki kwa jirani. Hasara tatu kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo sababu mkataba wa mwaka 1967, uliozaa Jumuiya ile ya kwanza, ulitia dawa ndani yake. Nchi iliyo nyuma kwa viwanda iliruhusiwa kutoza kodi maalumu juu ya bidhaa za viwanda vya mwenziwe, ikiwa yenyewe inatengeneza bidhaa za namna ile ile au iko karibu kuanza. Tena ikaanzishwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ikaagizwa kuzipa Tanzania na Uganda sehemu kubwa kuliko Kenya. Dawa ilikuwa nzuri, lakini mgonjwa alikuwa na maradhi mengine: ugomvi wa siasa, tofauti ya njia za uchumi, na Amin kule Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Nchi yetu ikafunga mpaka na Kenya mwezi wa Februari mwaka ule, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kugawana mali za marehemu kulimalizika mwaka 1984 tu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba miaka ile sita ya mpaka uliofungwa yapasa ihesabiwe kuwa somo la hesabu, si somo la historia peke yake. Wakae wahesabu nani alipata faida.

Basi anayesema kwamba mapatano huwapa wenye nguvu zaidi kuliko wanyonge ana haki ya kusema hivyo katika habari za viwanda. Lakini katika habari za mahindi, ndugu msomaji, mwenye nguvu ni nani? Ni sisi. Kenya hulima mahindi isiyoweza kutosheka nayo katika miaka mingi. Sisi wa nyanda za kusini tuna mvua, tuna udongo, na tuna ziada. Ni ajabu basi kwamba katika bidhaa hii moja ambayo ndani yake sisi ndio wakubwa, tumejifungia mlango kwa mikono yetu mara nyingi kuliko tulivyofungiwa na wengine.

Tazama habari zenyewe. Mwaka 2011, njaa kali ilipoikumba Pembe ya Afrika, nchi yetu ilikataza kupeleka mahindi nje. Mwezi wa Juni 2017 ikakataza tena, ikisema atakaye kuuza nje auze unga. Neno la unga lina busara ndani yake, maana pumba na kazi hubaki nyumbani. Lakini kinu hakijengwi kwa amri ya siku moja, na mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka mashambani. Bei ikaanguka. Watu wa Ruvuma wanakumbuka msimu ule bila kukumbushwa. Katazo liliondolewa baadaye, lakini mkulima aliyekwisha kuuza kwa bei ya kutupa ili alipe ada ya mtoto hakurudishiwa kitu. Mwaka ule ule vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa sababu ya hofu ya maradhi ya ndege. Nayataja haya ili tusijione watakatifu tunapowalaumu majirani.

Na majirani wametulipa. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Katazo lilidumu siku chache, kisha likageuzwa kuwa masharti. Mwishoni mwa mwaka 2023 Malawi ilizuia mahindi yasiyosagwa ya kutoka Tanzania na Kenya, ikiogopa ugonjwa unaoua mahindi shambani. Mwezi wa Machi 2025 Malawi hiyo hiyo ilikataza bidhaa nyingi za nje, mchele, unga wa mahindi, tangawizi na ndizi zikiwamo, ikitaka kuwalinda wakulima wake na kuhifadhi fedha zake za kigeni. Afrika ya Kusini nayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imezikataa ndizi zetu. Tarehe 23 Aprili 2025 Waziri wetu wa Kilimo, Hussein Bashe, akatangaza kwamba mazao ya mashamba ya nchi hizo mbili hayataingia Tanzania. Baada ya siku chache katazo likaondolewa ili watu wazungumze. Nchi zote tatu ni za SADC. Zote tatu zilikuwa zimetia sahihi ya kutofanyiana mambo hayo.

Wengine walishangilia siku ile ya Aprili, wakasema, leo tumewaonyesha. Nami nakiri kwamba jirani anayekula kwako na kukuficha chungu chake hastahili kubembelezwa. Malawi haina bahari, na mizigo yake mingi hupita bandari ya Dar es Salaam. Lakini siku zile chache zilimgharimu nani? Hazikumgharimu waziri ye yote wa nchi yo yote. Zilimgharimu mchuuzi aliyekuwa na matofaa kwenye lori, na mama wa Mbamba Bay mwenye tangawizi na ndizi zilizokwisha kuiva. Ndizi haingoji mazungumzo.

Nirudi kwa wale wasemao, tufunge ili tusife njaa. Wapo wanaomtaja Yusufu wa Misri, aliyeweka nafaka ghalani miaka saba. Nawaomba wasome tena sura yenyewe. Yusufu alitenga sehemu ya tano wakati wa neema, wala hakuwazuia watu wa nchi nyingine njaa ilipokuja. Hata ndugu zake waliokuja kutoka Kanaani waliuziwa. Yeye alijaza ghala kwanza. Sisi tunayo ghala ya namna hiyo, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, yenye kituo hapa Songea. Kazi yake ni kununua akiba ya nchi kwa fedha. Serikali ikiona akiba haitoshi, na inunue zaidi kwa bei ya sokoni. Mzigo wa akiba ya taifa utabebwa na taifa zima, kwa kodi ya wote. Lakini mpaka unapofungwa, akiba ile ile hupatikana kwa kumnyima mkulima bei yake, na hivyo mkulima wa Songea peke yake hulipa kodi ya kumlisha mtu wa mjini, wala haiandikwi katika kitabu cho chote cha bajeti. Mimi naiita kodi, kwa kuwa sioni jina jingine linaloifaa.

Na angalau kufunga kungefanya kazi iliyokusudiwa! Hakufanyi. Mahindi hupita njia za panya usiku, na faida yake humwendea mwenye kupitisha na mwenye kufumba macho. Hata pale mpaka ulipo wazi, kumbukumbu ya kufungwa huishusha bei. Mwenye lori anayejua kwamba amri yaweza kutoka akiwa njiani hutia hofu yake katika hesabu. Na kwa kuwa hawezi kumpunguzia mwenye mafuta ya gari wala mwenye gari, humpunguzia mkulima. Mkulima naye mwaka unaofuata hupunguza shamba la mahindi, akapanda ufuta, au hupanda mahindi bila mbolea. Mwaka wa tatu mahindi huwa haba, bei hupanda, na mtu wa mjini yule yule aliyetaka mpaka ufungwe hulia kwamba wakulima na wachuuzi ni wanyang'anyi.

Ikiwa mtu ataka kuona kwamba kuuza kwaweza kwenda pamoja na kujihifadhi, na atazame mwaka 2024. Ukame uliichoma Zambia, ambayo katika miaka ya mvua hulima mahindi mengi. Mwezi wa Juni mwaka ule nchi yetu ilipatana nayo kuiuzia tani 650,000 kutoka katika ghala za NFRA. Njaa haikutukuta kwa kuwauzia. Ila nina neno moja juu ya biashara ya namna hii ya Serikali kwa Serikali. Ni njema wakati wa shida, lakini isiwe ndiyo njia ya pekee, maana mkulima akiwa na mnunuzi mmoja tu hata mnunuzi huyo akiwa mwema, bei hupangwa na mnunuzi.

Yako pia yatupasayo sisi wenye majembe, nami siyapunguzi. Sumukuvu si uzushi wa Kenya. Mwaka 2016 watu walikufa kwayo katika nchi yetu wenyewe, mikoa ya Dodoma na Manyara, na waliokufa hawakuwa wageni. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya sehemu 10 za sumu hiyo katika sehemu bilioni moja za mahindi, wala unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyomwagwa juu ya ardhi tupu, yakanyeshewa, yakafungwa guniani yangali na maji, hayatafika kiwango hicho. Turubai si ghali kuliko kurudishiwa lori zima. Mtu anayetia mahindi mabovu katikati ya gunia na mazuri juu humpa jirani sababu halali ya kutufungia mlango, na anawafungia wenzake pamoja naye. Hapo mapatano hayawezi kututetea, maana mapatano yote huruhusu nchi kuzuia chakula chenye madhara, na ni haki.

Tofauti iko hapa, nayo wabunge na mawaziri yafaa waishike. Kuzuia lori moja baada ya kupima mahindi yake ni sheria. Kuzuia malori yote ya nchi moja kwa tangazo la usiku ni vita bila bunduki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijitungia sheria mwaka 2017 ya kuondoa vizuizi visivyo vya ushuru, na ina mahakama yake Arusha. Vyombo vipo. Sioni sababu ya wakulima na wachuuzi kuendelea kulalamika vijiweni hali ushirika wao waweza kupeleka malalamiko kwa maandishi, kwa tarehe na idadi ya magunia. Vile vile, mfanyabiashara mdogo wa mipaka ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa za asili zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani. Napenda kuona unafuu wa namna hiyo ukielezwa kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa ukutani Mbamba Bay na Mkenda, pamoja na orodha ya vibali vyote vinavyotakiwa na bei yake, ili mama wa tangawizi asiambiwe jambo moja na karani wa asubuhi na jingine na karani wa jioni.

Nalo langu la mwisho ni kwa wale wanaotuomba kura. Wanapokuja kuzungumza habari za mbolea na barabara, tuwasikilize, kisha tuwaulize jambo moja ambalo kwa kawaida hawaulizwi: ikiwa Serikali itaona haja ya kuzuia mahindi yasitoke, mkulima atapewa taarifa miezi mingapi kabla ya kupanda, na ikiwa hakupewa, nani atamlipa tofauti ya bei?